Mkwe Aliyekuwa Waziri Mkuu

Treni ilipoondoka Isaka, mama aliyeketi mbele yangu alimwamkia mzee jirani yake. "Marahaba, mayu," akaitikia, akimwita mama kwa Kisukuma. Mama akamweleza kwamba binti yake, Martina, amechumbiwa na fundi wa mgodini kutoka Afrika Magharibi, ambaye baba yake aliwahi kuwa waziri mkuu huko kwao.

"Basi mmepata ukoo mkubwa!"

"Ngoja kwanza. Alikuwa mwalimu, rais akamfunga kwa siasa. Alipotoka jela, rais yuleyule akampa uwaziri mkuu. Jeshi likampindua rais, yeye likamwacha kitini."

"Kumbe alikuwa mtu wa wanajeshi."

"Hao ndio waliomfunga tena."

Mzee alivua kofia, akajikuna. Mimi nilikuwa nimepotea tangu jela ya kwanza.

"Sasa yuko wapi?"

"Analima vitunguu kijijini. Lakini Martina anasema wanajeshi wamemwita tena wampe cheo, na harusi ni mwezi ujao, hukohuko kwao. Baba, nikipiga magoti usiku, nimwombee apate cheo au akikose?"

Treni ikasimama Shinyanga. Mzee, aliyekuwa anashuka hapo, alishika fimbo yake, akainuka, kisha akaketi tena.