Laini ya Mzee Ongeza

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, mwenzetu ambaye wote tunamwita Mzee Ongeza anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Alikuwa aondoke na simu yake ya mkononi, na hilo ndilo lililoutia uongozi wa hospitali tumbo joto. Kamati ya kuagana imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu inatazamana na yake. Imesisitiza niandike mema tu. Nitajitahidi.

Alianza enzi za mafaili, akayapanga kwa utaratibu walioufahamu yeye na panya. Ulipokuja mfumo wa kompyuta, wengine tuliogopa. Yeye akaenda semina ya siku mbili, akala vizuri siku zote mbili, akarudi akijiita mtaalamu. Tangu hapo, kila mgonjwa mpya akifika dirishani, mzee hupuliza vumbi kwenye kibodi, hutangaza kwa sauti kwamba tunaongeza, kisha hubonyeza kitufe cha "Ongeza" kama waziri anayezindua daraja. Jina likamganda.

Kwa wasioujua, ukurasa wetu wa usajili una tabia mbili. Haumpokei mgonjwa asiye na namba ya simu, maana huko ndiko mfumo hutuma ujumbe wa kumkumbusha kliniki. Na ukishampokea, basi: sisi tunaruhusiwa kuongeza tu, kusahihisha ni kazi ya makao makuu, na makao makuu yana shughuli nyingi. Sasa wagonjwa wetu wengi hawana simu. Mtu mwingine angewauliza namba ya jirani au ya mtoto, lakini mzee aliona huo ni usumbufu. Akajaribu sifuri tupu, ukurasa ukakataa. Akaweka namba ya daktari mkuu, na daktari mkuu akakumbushwa, katikati ya kikao na wafadhili, kwamba kesho ni kliniki yake ya wajawazito. Baada ya onyo la maandishi, mzee akaanza kuweka namba yake mwenyewe. Hakuna aliyemkataza, maana tatizo lilikuwa limeshahama ofisi ya wakubwa.

Wa kwanza kuteseka alikuwa mkewe. Shemeji yetu alisoma kwenye simu ya mumewe kwamba mimba imetimiza miezi saba, akajitanda mtandio, akaja hadi dirishani kutaka aonyeshwe mwenye mimba. Mzee, badala ya kueleza, akafungua ukurasa na kumsajili mkewe kama mjamzito wa mfano. Ujumbe ukaingia papo hapo, shemeji akaamini, ndoa ikapona. Ila kama nilivyosema, kusahihisha haturuhusiwi, na mimba ile sasa ina umri wa kuanza shule.

Tusimwonee: ujumbe aliufikisha. Mwanzoni aliufikisha kwa kelele, akiwatangazia watu vipimo vyao vya mkojo katikati ya soko, mpaka wakaja kumshtaki, na walikuwa na haki. Ndipo akapatana nao kwa vidole. Kimoja ni kesho, viwili ni kesho kutwa, na ngumi ni njoo leo hii. Kila asubuhi alikuja kazini akiinua mkono kwa muuza mkaa, kwa akina mama bombani, na kwa fundi viatu, ambaye akikosa dawa zake za kifafa huanguka barabarani. Wageni walidhani anagombea udiwani. Alikuwa mbeya, tena mwenye majivuno, lakini watu walifika kliniki. Wakubwa wetu wakatunukiwa cheti kwa ubora wa mawasiliano na wagonjwa. Kimetundikwa mapokezi, pamoja na picha ambayo mzee hakuitwa kupigwa.

Sasa anahamia kwa binti yake, mwendo wa siku nzima kwa basi. Nani atamwambia fundi viatu? Tuliwaandikia makao makuu kuomba ruhusa ya kubadilisha namba. Jibu likaja kwa ujumbe mfupi, likaingia kwenye simu ya mzee, kwa sababu hata hospitali yenyewe aliisajili yeye, kwa namba yake. Lilisema ombi limepokelewa.

Hapo kikao cha wakubwa kikaamua kwamba laini ile ni mali ya hospitali, na mzee aikabidhi pamoja na ufunguo wa kabati. Mzee akanuna. Hiyo ndiyo namba wanayoijua watoto wake, na katika miaka yote hiyo hakuna mkubwa aliyewahi kumwekea hata salio la siku moja.

Juzi shemeji aliingia ofisini kwa daktari mkuu, mimi na wenzangu tukiwa pale na mafaili ya makabidhiano. Hakuketi. Alichomoa laini kwenye simu ya mumewe kwa pini ya nywele, akaiweka mezani.

"Laini bakini nayo," alisema. "Mume naondoka naye. Ila mjue, hiyo haitembei yenyewe."

Daktari mkuu akauliza nani ataichukua. Wenzangu waliinamia viatu vyao, nami nikachelewa kuinamia vyangu. Kwa hiyo laini iko kwangu, na msidhani niliichukua kwa wema.

Leo asubuhi, mzee akiwa nyumbani anafunga mizigo, ujumbe wa kwanza uliingia: fundi viatu, kesho. Nikaenda mpaka kibandani kwake na kuinua kidole, nikijiona mjinga kweli. Akaacha kushona. Akaniuliza kama mzee amefariki. Nikamwambia hapana, anastaafu tu.

Alichomeka sindano yake kwenye ngozi ya kiatu, kisha akasema, "Mwambie nipo hai mpaka leo kwa sababu yake."

Nilitaka kwenda kumwambia mwenyewe, lakini nimemcheka mno kwa miaka mingi, na najua ningelia mbele yake. Nimeona heri niyaandike hapa, kwenye ukurasa wetu wa kuongeza tu, mahali ambapo kamati haiwezi kuyafuta kabla ya Ijumaa.

Mzee Ongeza, salamu zimefika. Asante kwa kazi. Nenda kapumzike, wewe na shemeji, na Mungu awape siku nyingi na njema.