Pikipiki Iliyojua Mkono Mmoja

Ko. Ko. Ko.

Hivyo ndivyo siku ilivyoanza nyumbani kwa Ngatia, kabla ya jogoo, kabla ya taa. Ko, ko, ko, gizani: plagi ya pikipiki ikigongwa kwenye jiwe la jikoni ili masizi yatoke. Kisha kimya. Kisha plagi inalazwa kando ya makaa ipate joto, maana baridi ya Julai huku Nyeri huingia hata ndani ya chuma. Mkewe, Wachuka, alikuwa akiisikia sauti hiyo kabla hajafungua macho, na alijua bila kuuliza kwamba mume wake ameamka mzima.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae nasi. Kama chai ipo, mimineni. Leo tunamkumbuka Ngatia wa Gatitu, mchukuzi wa mikate. Alituacha mwaka jana, Julai ya sabini na tatu. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ameacha mke, ameacha watoto wawili, na ameacha pikipiki moja nyekundu ya Kiitaliano.

Hiyo pikipiki mnaikumbuka. Wale wa barabara ya Karatina mliizoea. Mlio wake ulikuwa wa pole pole, mzito, kama mtu anayepiga ngoma bila haraka. Silinda yake ililala kifudifudi ikitazama mbele, na ubavuni, nje kabisa, kulikuwa na gurudumu zito la chuma likizunguka wazi. Watoto wa Gatitu walikatazwa kulikaribia, na kwa hiyo walilikaribia kila siku.

Ililetwa na padre mmoja Mwitaliano kabla ya uhuru. Padre aliporudi kwao, pikipiki ilibaki kwenye banda la kuku, matairi yameoza, kuku wanataga juu ya kiti. Ngatia alipewa bure. Kila aliyemwona akiisukuma kwenda nyumbani alicheka. Mtu wa mkono mmoja na chuma cha mikono miwili!

Maana, wasikilizaji, mkono wa kulia wa Ngatia haukuwa mkono tena. Ulivunjwa kizuizini wakati wa hali ya hatari ya miaka ya hamsini, na mfupa ukajiunga vibaya. Kiwiko hakikunyooka. Vidole havikufunga. Kikombe hakukishika kwa mkono huo, jembe hakulishika. Mkono wa kulia haukufanya kazi. Tafadhali likumbukeni hilo.

Ilimchukua mwaka mzima kuifufua. Ringi za pistoni alizichonga kutoka kwa ringi za trekta, akizisugua kwa msasa jioni baada ya jioni. Kiti alikishona kwa ngozi ya ng'ombe. Bomba la moshi alilifunika kwa kopo la mafuta ya kupikia. Hapa kwetu juu hewa ni nyepesi na injini ilikuwa ikibanwa na petroli nyingi, basi akakiziba kwa risasi iliyoyeyushwa kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, kisha akakitoboa upya, kidogo zaidi, kwa sindano ya Wachuka ya kushonea. Sindano ikavunjika. Wachuka hakumsemesha siku mbili.

Halafu akafanya lile kubwa. Kila pikipiki, mshiko wa petroli uko kulia. Ngatia akauhamishia kushoto, kando ya klachi iliyokuwa huko tayari. Kulia akaweka kitanzi cha ngozi tu, cha kupumzishia mkono mbovu. Na kwa kuwa mshiko ule ulikuwa umegeuzwa, ulifanya kazi kinyume. Pikipiki zote, ukizungusha mkono kwenda mbele, mwendo unapungua. Ya Ngatia, ukizungusha kwenda mbele, inaruka. Kwenda mbele ni kuongeza. Kurudi nyuma ni kupunguza. Yeye aliizoea kama mtu anavyozoea kitanda chake.

Kingori, fundi wa Majengo aliyemkopesha vifaa, aliiona akatikisa kichwa.

"Ngatia, hii umeifanya kinyume. Lete niugeuze uzungushaji wake, ni kazi ndogo."

"Wacha hivyo hivyo."

"Na mtu mwingine akiipanda je?"

"Mtu mwingine gani? Ati umeona mtu mwingine hapa?"

Wakacheka. Hata Kingori alicheka, na mwaka huu mzima kicheko hicho kimemkaa kooni.

Kwa miaka tisa Ngatia alibeba mikate ya alfajiri, kutoka tanuri la mjini hadi vibanda vya Gatitu na hadi Karatina. Kreti mbili nyuma, moja juu ya tangi. Alibeba na watu pia. Nyumba zile za juu ziko mbali na lami. Mwanamke akishikwa na uchungu, aliitwa Ngatia. Mke wa jirani yake, Theuri, alipelekwa hivyo, amekaa upande, amemshika Ngatia kiunoni, analia na kumtukana njia nzima. Walifika hospitali kwa dakika ishirini. Mtoto yupo, mzima. Dakika ishirini, wasikilizaji.

Wachuka aliijua mashine ile kama alivyoijua sufuria yake. Alijua kusafisha cheni kwa mafuta ya taa. Alijua kupasha plagi. Alijua kuiwasha: vuta klachi, rudisha nyuma kile kijiti kidogo cha kuchelewesha cheche, kanyaga mara moja kwa uzito wote. Kitu kimoja tu hakukijua, kuiendesha. Aliomba kufundishwa. Aliomba zaidi ya mara moja.

"Nifundishe, Baba Kabura. Hata hapa uani tu."

"Utaanguka."

"Wewe hukuanguka?"

"Mama Kabura," akamwambia, na safari hiyo hakuwa anacheka, "kulima siwezi. Kukamua siwezi. Shati langu unanifunga vifungo wewe. Ukijua na hii, mimi nitabaki na nini?"

Wachuka hakuomba tena. Ametuambia, "Nilimwonea huruma. Nikanyamaza. Ile huruma yangu ndiyo ilimuua."



Asubuhi ya tarehe kumi na mbili Julai, Wachuka aliamka kwa sauti nyingine. Ngatia alikuwa amepiga magoti mlangoni anatapika, na alichotapika kilikuwa damu. Tumbo lilikuwa likimwunguza kwa miezi. Alilinyamazisha kwa maziwa na magadi, akaenda kazini. Sasa alikuwa baridi, rangi imemtoka. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Pikipiki ilikuwa hapo hapo ukumbini, nzima, tangi limejaa. Kwa pikipiki, dakika ishirini hadi hospitali. Kwa mkokoteni, katika matope yale, saa mbili na nusu.

Wachuka akakimbia kwa Theuri. Theuri ni dereva wa lori la kabichi, ambalo usiku hulala mjini, na pikipiki aliwahi kuendesha alipokuwa idara ya misitu. Akaja bila viatu. Wachuka aliiwasha mwenyewe. Anasema ilishika mara ya kwanza, ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Wakampandisha Ngatia nyuma, wakamfunga kwa Theuri kwa shuka. Kichwa chake kikalala begani mwa jirani.

"Kinyume," Ngatia akasema. "Theuri. Ni kinyume."

"Najua, ndugu. Umetuimbia hilo miaka tisa."

Na kweli alijua. Walikwenda vizuri. Walipita kanisa, walipita kiwanda cha kahawa. Kisha kwenye mteremko wa kona ya mto wakatokea ng'ombe wanne na mtu wao, ukunguni. Theuri akataka kupunguza mwendo. Kichwa kilijua, wasikilizaji. Mkono haukujua. Mkono ulifanya ulichofanya kwenye pikipiki zote alizowahi kupanda: ulizungusha mbele.

Pikipiki ikaruka. Walitumbukia mtaroni, ndani ya mibuni. Theuri alivunjika mfupa wa bega. Gurudumu la mbele lilipinda kama sahani ya bati.

Wachuka, aliyekuwa akiwafuata mbio kwa miguu, aliwakuta hapo. Mwenye ng'ombe akaenda kutafuta mkokoteni. Ulipatikana. Wakamlaza Ngatia juu ya magunia, Wachuka akasukuma pamoja na wanaume. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha. Walipokaribia lami Ngatia akafumbua macho.

"Imeumia?"

"Nani, Theuri?"

"Pikipiki."

"Nyamaza wewe na chuma chako!"

Akanyamaza. Hakusema tena. Walipoingia lango la hospitali jua lilikuwa limechomoza, na daktari aliyetoka kuwapokea aliinama, akamshika shingoni, kisha akavua miwani yake.

"Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake," Wachuka anasema. "Miaka kumi na minne ya ndoa. Chai nilimpikia, vifungo nilimfunga, na la mwisho nikamwambia anyamaze."

Wasikilizaji wapendwa, kuna kumbukumbu tunazozisoma hapa zikatuachia faraja. Hii tumeitafutia faraja, hatukuipata. Theuri huja kila Jumapili baada ya ibada, hukaa kwenye kigoda mbele ya ile pikipiki iliyopinda. Wachuka humletea chai. Hajamlaumu. Theuri anasema angelaumiwa angalau angepata pa kushika.

Kwa Wachuka, kwa Kabura na mdogo wake, poleni sana. Kwako pia Theuri, kama unatusikiliza, pole. Ulikuja bila viatu. Mungu aliona.

Na wewe uliye kando ya redio, tazama nyumbani kwako. Kuna kitu gani ambacho wewe peke yako ndiye unakiweza, na unakificha kwa sababu ndicho kinachokufanya uwe mtu? Mwonyeshe mwenzako. Usingoje akuombe mara ya pili. Na huruma ikikutaka unyamaze, usinyamaze.

Jumamosi tulipowatembelea tulimkuta Kingori uani. Wachuka alikuwa amemwita kutoka Majengo. Gurudumu jipya lilikuwa limeshapachikwa, na sasa mzee alikuwa akihamisha mshiko wa petroli kuurudisha kulia, ulipokuwa wakati wa padre. Alikata kitanzi cha ngozi kwa kisu, akakiweka mfukoni mwake. Waya mmoja, skrubu nne. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja, na hata asubuhi yenyewe haikuisha.

Wachuka alisimama mlangoni, mikono ndani ya leso, asiweze kutazama, asiweze kuondoka.

Kabura ana miaka saba. Alisogea, akaushika mshiko kwa mkono wake wa kulia, akauzungusha mbele, akaurudisha nyuma. Akamgeukia mama yake.

"Sasa mtu yeyote anaweza kuiendesha," akasema.