Ngazi Mia na Kumi na Tatu za Pak Sukarjan

Wasikilizaji wapendwa, mnaotusikiliza huku mkikaanga, punguzeni moto kidogo. Leo tunamkumbuka Pak Sukarjan, dereva wa becak, baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, pale sokoni. Becak ya kijani, kengele mbovu, mdomo mzima. Kwa miaka thelathini alitukanyagia pedali, akatubeba na vikapu vyetu na unene wetu, wala hakutusema. Haya, alitusema.

Kisha figo zikagoma. Jumanne na Ijumaa alilala hospitalini kwa muda wa saa nne, mashine ikimsafisha damu. Nyumbani alibaki peke yake, maana mkewe, Bu Rumiyati, alikwisha kutangulia. Amezikwa juu ya kilima chetu, ngazi mia na kumi na tatu. Narudia kwa mliochelewa: mia na kumi na tatu.

Desturi mnaijua. Kabla ya mwezi wa mfungo tunapanda wote na vyakula vyetu, tunafyeka makaburi, tunamwaga maji na maua. Tunapanda Ijumaa. Na Ijumaa ya Pak Sukarjan ilikuwa ya mashine. Kwa hiyo yeye alipanda Jumamosi, watu wameshashuka, yamebaki majani ya migomba tuliyolia chakula. Mwaka wa kwanza miguu ilimwishia ngazi ya arobaini, penye lile jiwe pana. Akakaa. Akatazama juu. Akashuka.

Mpwa wake, Endah, jirani yake ukuta kwa ukuta, anasimulia: "Nilimwambia mjomba, Pakde, acha nikakufyekee mimi. Akasema, kaburi la mke wangu si uwanja wa shule, nitafyeka mwenyewe."

Basi Mbak Tantri, mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini, akamfungia pedali miguuni mwa kitanda. Akanyage akiwa amelala, saa mbili za mwanzo, mkono wenye sindano utulie. Kitanda cha pili alilala mgonjwa mwenzake wa mashine, Bu Wijiyem, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachuliwa. Ulimi wake mnaujua, ndio anaokatia tempe.

"Pak, miaka thelathini hujashiba kukanyaga? Na hiyo haifiki hata mlangoni."

"Panda basi, Bu. Abiria wa kitandani halipi."

"Mimi nimekuja kulala. Miguu yangu imestaafu."

Pak Sukarjan alianza na dakika tano, akatapika. Baada ya miezi kadhaa alifika nusu saa, vifuko vya mchanga vimefungwa vifundoni. Nyumbani alifanya zoezi la kusimama na kuketi kwenye kiti, mara kumi, mara ishirini. Endah alimsikia ukutani akihesabu kwa sauti. Akimaliza, alijipongeza akiiga sauti ya mkewe.

Mwaka wa pili, Jumamosi ile ile, alipanda tena. Peke yake. Mtunza makaburi alimwona akitokeza juu, mundu mkononi, jasho linamchuruzika. Alifyeka, akatandaza maua, akafungua chupa ya maji. Yeye mwenyewe aliruhusiwa vikombe viwili tu kwa siku. Akamimina chupa nzima kaburini.

"Kunywa wewe, Bu," alisema. "Mimi nimekatazwa."

Wasikilizaji wapendwa, Pak Sukarjan alifariki mwezi uliopita, usingizini. Tulimzika Jumatatu, kando ya mkewe. Bu Wijiyem alikuja na kanga yake nzuri ya batiki. Ngazi ya arobaini, miguu ikakataa. Endah akarudi chini.

"Bu, nikuitie vijana wakubebe?"

"Mimi si gunia la soya. Nenda ukamzike. Nitasikia kutoka hapa."

Tukamwacha juu ya jiwe lile. Dua zilimfikia vipande vipande, upepo ukichukua nusu. Tuliposhuka alikuwa bado anatazama juu. Safari hiyo hakututania.

Kesho yake, Jumanne, kitanda cha jirani kilikuwa na mgonjwa mgeni. Bu Wijiyem akamwita Mbak Tantri.

"Vile vyuma vya yule dereva viko wapi?"

Dakika tatu. Akatapika. Ijumaa akaviomba tena.

Kwa Endah na ukoo wote, poleni sana. Mungu awalaze pamoja wawili wale. Nasi tuliozoea kushuka Ijumaa na vikapu vitupu, tujiulize ni nani anayepanda Jumamosi. Mkimkuta mama ameketi juu ya jiwe la ngazi ya arobaini, msimbebe. Kaeni naye mpaka apumue.