Spika za Fundi Kakule Phinées

Wachungaji, wazazi, majirani, sote tumechoka na misiba, basi nitasoma polepole, mimi Jéthro, mdogo wake marehemu.

Kakule Phinées alizaliwa Alimbongo tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa baba Lusenge na mama Kahongya, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha mwaka 1972 akaingia shule ya ufundi hapa Butembo, akaiacha mwaka 1975 baba alipofariki.

Mwaka 1979 alifungua atelier, karakana ya kutengeneza redio na spika, kule Beni, akawahudumia Wakatoliki na Waprotestanti bila ubaguzi, maana alisema spika mbovu haina dhehebu. Tarehe 8 Januari 1983, huko Oicha, alimuoa Katungu Christa, Mungu akawapa watoto watano, na wanne wako hapa leo.

Wa tano alikuwa Luc. Tarehe 9 Novemba 2000 mtaa wetu wa Beni ulikuwa umekimbilia mashambani, spika ya kanisa ikaita watu warudi kwamba askari wameondoka, Luc akatangulia, na askari hawakuwa wameondoka, wakampiga risasi njiani. Marehemu alimwambia kila mtu kwamba askari wenyewe ndio walioita, na kwamba karatasi ya spika, ile ya ndani inayotetema na kutoa sauti, ilikuwa imelowa mvua, ikaharibu sauti hata ikafanana na ya mtu yeyote.

Familia ikahamia Butembo, akaja na spika ile ile ya kanisa, akaanza kuipaka karatasi yake kila alichopata ili isilowe tena, uji wa muhogo, nta ya nyuki, vernis ya kung'arishia mbao, hata ute wa mayai ambayo Mama Christa aliyatafutia watoto, na ugomvi wa siku hiyo majirani mliusikia bila spika. Kila akipaka aliniita nishike mikro, niseme maneno yale yale, “Batu bote barudiye, baaskari bameenda,” naye akatikisa kichwa: “Hapana, ile sauti ingali inaficha mutu.” Ndipo nikajua kwamba anajua.

Ndiyo, ndugu zangu, aliyeita siku ile ni mimi. Askari walinikuta kanisani, wakaniwekea bunduki shingoni, nikaita. Mama Christa, unasikia leo kwa mara ya kwanza, na naona haya kukuangalia.

Agosti 2002 alipaka utomvu mwembamba wa papai mara tatu, nikasema tena, akazima mashine, akalia: “Sasa nasikia unatetemeka. Ile siku tungesikia hivi, hapana mutu angetoka.” Hakuniita tena.

Desemba mapafu yakaanza kumsumbua, akalazwa mara mbili, akafariki hapa Butembo tarehe 17 Juni 2003, saa nane mchana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hata dawa zilipokwisha, majirani walioleta maji na kuni, na mafundi wenzake waliofunga atelier zao siku tatu. Mimi namshukuru kwa kunificha, ingawa kufichwa kumenichosha kuliko kukimbia vita. Mama Christa, nikimaliza nitakuja kukaa chini mbele yako, useme utakalosema. Mkubwa wangu Phinées, wewe umemaliza kazi, pumzika kwa amani.