Kaka Alitoka, Mtoto Yuko Ndani

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake. Nina majonzi, lakini pia ninaogopa, na sababu mtaijua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa mama mfinyanzi, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1969, baba alipofariki, akaacha shule ili mimi nisome, na maisha yake yote alinitania kwamba akili zake alizitupa jalalani, yaani kwangu.

Mwaka 1979 tulichukuliwa sote wawili kwenda kwenye shamba la pamba kwa mkataba wa miezi sita, tukafungiwa miaka minne, tukilala katika bweni lenye kufuli kwa nje, na aliyetoroka alirudishwa akiburutwa mbele yetu. Wakati huo, katika nchi ya ng'ambo iliyonunua pamba yetu, wananchi walikuwa wamepigana mpaka kazi ya kulazimishwa ikapigwa marufuku kwao, kisha wakaanza kuuliza nguo walizovaa pamba yake imechumwa na nani, na tarehe 9 Agosti 1983 wakamtuma mama mmoja aje kutazama. Msimamizi alitugawia viatu vipya, vyote saizi moja, akatufundisha kusema tuko pale kwa hiari yetu, tukajipanga tukichechemea kama kuku waliofungwa miguu, na yule mama alipomuuliza kaka kama yuko huru kuondoka, kaka alimwomba tu wasindikizane hadi getini, walinzi wakashindwa kumzuia mbele ya mgeni, wakatoka, mimi nikabaki ndani.

Nilipigwa kwa ajili yake, nikamchukia miezi mitatu, mpaka wanunuzi walipopata ushuhuda wake, wakaigomea ile pamba, na geti likafunguliwa kwa wote. Lakini mwenye shamba alihamishia shamba na kufuli zake upande wa pili wa mto, akapata wanunuzi wa nchi nyingine, wasiouliza kitu.

Kaka akawa fundi baiskeli, akafunga ndoa tarehe 2 Juni 1986 na shemeji yangu huyu, mshonaji, wakajaliwa watoto watatu, wawili mnawaona hapa, na kitindamimba, aliyeondoka Februari mwaka huu na dalali wa kazi, yuko huko mtoni, kwenye shamba la mtu yuleyule, tumepeleka habari za msiba mara mbili, hajaruhusiwa kuja.

Mwezi huohuo kaka alianza kuugua moyo, akalazwa, akawa anashtuka kila mlango ukifungwa, na tarehe 11 Juni, alfajiri, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake wa karakana. Jana alikuja mtu na rambirambi kutoka shambani, akanishauri nisome kwamba kaka alikuwa kibarua wa hiari. Ameketi safu ya nyuma, ana shati jeupe, ananitazama. Najua wanaweza kumalizia hasira zao kwa mtoto, na peke yangu siwezi, kwa hiyo nawaomba, tukitoka makaburini tusirudi nyumbani, twende wote mtoni, tusimame getini mpaka atoke.

Kaka, pumzika kwa amani, mtoto tunamfuata.