Ufagio wa Mama Wilhelmina katika Misindano ya Sapiwi

Mimi ni mtu wa bahati, mnajua. Nimefika Dar mara mbili, Nairobi mara moja, na mche wowote nikiugusa unaota. Ila leo nakaa pembeni, maana Mama Wilhelmina Shija anastaafu tarehe 30 Juni 1984, baada ya miaka kumi na sita ya kutunza shamba la miti ya misindano hapa Sapiwi.

Alianza kwa kumwagilia kitalu. Miti ilipomzidi urefu akajiongezea kazi: kila asubuhi alifagia msitu. Wote. Nyumba yake imo humohumo shambani, na mke wa Kisukuma hapokei wageni penye uchafu. Majani yaliyodondoka aliwapa kina mama wa kijiji wawashie moto. Viongozi wakitoka Bariadi walimsifu.

Mwaka 1981 akaja mtaalamu kutoka nchi za baridi. Alitueleza kwamba misindano ya kwao hukamata kaboni ya hewani, na majani yakianguka hayaozi upesi kwa ile baridi, basi kaboni inalala ardhini. Dunia ikipata joto, je, italala au itarudi juu? Akaja kupima kwetu, ambako joto lipo tayari. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Machibya, alishasema: vipimo visipoonyesha kaboni, miti ing'olewe ipandwe pamba.

Mtaalamu akapiga magoti na mizani yake. Akakuta alama za ufagio. Mama Wilhelmina alisimama karibu, akisubiri kusifiwa.

Akapewa miaka miwili ya kutofagia. Hakuna kazi ngumu kuliko hiyo aliyowahi kuifanya serikalini. Mama mkwe wake, Bibi Kwandu, alifika kutoka Mwandoya, miguu ikazama kwenye majani.

"Mayu, mama wee, mwanangu alioa mke au alioa jalala?"

Mama Wilhelmina akamletea kiti. Mashemeji wakaacha kuja. Mikono ilipomuwasha alifagia jiko, mpaka sakafu ikaanza kuwa shimo.

Mtaalamu aliporudi alijaza magunia, akachukua na udongo. Kaboni ilikuwamo: pungufu kuliko ya kwao, na mchwa walikuwa wameshachukua fungu lao, lakini ilikuwamo. Miti ikabaki. Ndugu Machibya akatangaza kwamba aliiunga mkono tangu mwanzo.

Asante, Mama. Sasa nenda kwako Mwamanyili ukafagie ua wako tangu alfajiri, wageni wajae, na asitokee mtu mwenye mizani.

Ile ya mche nikiugusa unaota ni uongo. Sijawahi kuotesha mche ukanifika magotini.