Mwajabu binti Shaaban, Aliyetazama Macho Kabla ya Kufundisha

Ndugu, jamaa na majirani, tunayemzika leo ni Mwajabu binti Shaaban, aliyezaliwa Tabora mwezi wa Rajabu, mwaka 1885, akaletwa Karagwe angali mgongoni mwa mamaye, baba yake alipokuja kuuza nguo na chumvi. Alisoma Kurani kwa Shehe Mgeni, akahitimu mwaka 1899, akaolewa na Zubeiri, mwenye duka hapa Ihembe, mwaka 1902, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha wasichana barazani, Shehe akija kila Alhamisi kuwasikiliza.

Mwaka 1909 alikuwako mwanafunzi, Adija, yatima aliyeletwa na shangazi yake kutoka Kibingo, ambaye akipewa ubao aliuinamia hata pua ikafuta wino wa masizi, wenzake wakamwita Pua Nyeusi, na Shehe, akiona ni dharau kwa maneno ya Mungu, akaagiza arudishwe kwao akapalilie migomba, akisema, "Huyu anaisoma Kurani au anainusa?"

Siku zile Zubeiri alitoka Bukoba na habari za karani wa Kidachi mwenye vioo machoni, ambaye akivivua hamtambui mtu, naye Mwajabu akauliza, "Akivivua anaona nini?", mumewe akajibu kuwa hakumuuliza, akaambiwa, "Safari yote hiyo, bwana, neno moja likakushinda."

Kesho yake Mwajabu alimsimamisha Adija uani, akashika buni kiganjani, akawa anarudi nyuma huku akiuliza ni ngapi, na kabla hajaifikia migomba mtoto akasema, "Mwalimu, hata mkono wenyewe siuoni." Alhamisi Shehe alizishika buni yeye mwenyewe, akarudia mara ya pili, kisha akasema, "Basi mwandikieni herufi nene, na wino ukauke juani kwanza."

Adija alibaki, akahitimu mwaka 1912, na tangu hapo hakuna mtoto aliyeanzishwa alifu kabla ya kutazamwa macho. Kwa nini wengine huona mwewe angani wasione herufi mapajani, Mwajabu hakupata jibu, akaendelea kuwauliza hata wapagazi.

Yeye na Zubeiri walijaliwa binti mmoja, Zuhura, aliyezaliwa mwaka 1905. Marehemu alishikwa na kichomi siku ya Jumapili, akafariki alfajiri ya Ijumaa, tarehe 16 Januari 1914, Mfungo Tano.

Tunawashukuru waganga waliomhudumia, majirani wa Ihembe na Rugera walioteka maji na kuleta ndizi, na wafanyabiashara waliofunga maduka yao leo. Chuo kitafunguliwa baada ya hitima, mwalimu akiwa Adija, na wazazi wa watoto wapya wawalete asubuhi, kungali na mwanga wa kutosha kuwatazama macho.

Mwajabu, kazi yako imepokelewa, lala salama kwa Mola wako.